Lenzi bandia imehama ndani ya jicho: irudishwe, ibadilishwe au iachwe? (uzi wa wanaoshika kazi hii)

CO_Machakos
Wadau, habari za kazi. Rufaa nyingi za lenzi iliyohama zinaingia Nairobi na mstari mmoja tu: "lenzi imeanguka, msaada tafadhali." Anayepokea hajui ni lenzi ya aina gani, iliwekwa ndani ya kifuko cha lenzi ya asili au mbele yake, wala kama retina imeguswa. Mgonjwa anapoteza nauli mara mbili, mara ya pili kwa sababu lenzi mpya haikuagizwa. Tuiweke hapa kazi yote, kuanzia rufaa hadi miwani. Naanza na upande wetu, wa retina (tabaka la nyuma la jicho linalopokea mwanga) na wa konea (sehemu angavu ya mbele) wataendelea.

Kwanza tutofautishe. Lenzi iliyohama wiki au miezi michache baada ya kutoa mtoto wa jicho kwa kawaida haikupata mahali pa kukaa tangu siku ya kwanza: kifuko kilipasuka nyuma, au mkono mmoja wa lenzi (mikono ni nyuzi mbili za pembeni zinazoishikilia) uko ndani ya kifuko na mwingine nje. Iliyohama baada ya miaka, mara nyingi sita hadi kumi hivi, ni hadithi nyingine. Hiyo inaondoka pamoja na kifuko chake, kwa kuwa vikano vinavyoning'iniza kifuko vimelegea. Wenye hatari kubwa ni waliopigwa jichoni, wenye jicho refu la kuona karibu tu, waliokwisha fanyiwa vitrektomi (upasuaji wa kutoa ute unaojaza jicho), wenye Marfan (ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu), wenye uveitisi (uvimbe wa ndani ya jicho) ya muda mrefu, na wale wenye unga mweupe kwenye ukingo wa mboni, yaani sudoeksfoliesheni. Huo unga msiupuuze eti ni ugonjwa wa Skandinavia. Ethiopia hapo jirani unajulikana sana.

Kwenye rufaa andika: mwaka wa upasuaji wa kwanza, ulikuwa SICS (kwa mkono, mkato mdogo) au fako (kwa mashine ya ultrasauti), namba iliyo kwenye stika ya lenzi kama mgonjwa bado ana kadi, uwezo wa kuona bila miwani na kwa lenzi ya +10, presha ya macho yote mawili, na lenzi iko wapi. Ukiweza kuona mikono ya lenzi, sema rangi yake. Mikono ya buluu na kioo cha katikati kinachokunjika maana yake karibu kila mara ni lenzi ya vipande vitatu, yaani kioo kimoja na mikono miwili iliyounganishwa. Mambo yatabadilika sana kwa hilo moja.

RetinaKibanda
Asante @CO_Machakos, umetuokolea muda. Naongeza kitu kimoja kinachosahaulika: mlaze mgonjwa chali umwangalie. Akiwa ameketi kwenye slit lampu (darubini ya kukagua jicho) lenzi inaonekana imeshuka kidogo tu, nusu ya mboni bado imefunikwa. Akilala, inazama nyuma na huioni tena. Daktari aliyepanga kuikamata kwa mbele anajikuta thieta na jicho tupu na vifaa vya nyuma havijafunguliwa. Dakika mbili za kumlaza kliniki zinazuia aibu hiyo.

Pili, dharura ni ipi? Lenzi iliyolala kimya juu ya retina haikimbizwi usiku. Jicho linaweza kuivumilia kwa wiki kadhaa huku ukipanga vipimo na kuagiza vifaa. Zinazokimbizwa ni hizi: lenzi iliyoruka mbele na kugusa konea, presha iliyopanda na haishuki kwa dawa, retina iliyobanduka au kuchanika, na jicho jekundu lenye maumivu na usaha. Mgonjwa akisema anaona radi, vumbi jeusi jipya au pazia upande mmoja, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Na lenzi iliyoruka mbele: usimpanue mboni ukamwacha aende. Mlaze chali, ukiona imerudi nyuma ndipo uweke pilokapini 2% kuifungia huko hadi siku ya upasuaji. Pilokapini kabla haijarudi inaifungia mbele, kisha konea ndiyo inalipa.

MwanaOptika
Swali la wengi kwetu dukani: mgonjwa anaona vitu viwili kwa jicho moja, au anaona mstari wa duara usiku taa za magari zinapomjia. Miwani inatosha?

RetinaKibanda
Wakati mwingine ndiyo. Lenzi iliyoshuka kidogo na imetulia miezi sita, presha nzuri, haigusi airisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni), mgonjwa anaona 6/9 na miwani: iache. Mpe tarehe za kuangaliwa. Si kila lenzi iliyopinda ni ya kung'olewa, na jicho lisilofunguliwa halipati damu wala maambukizi.

Usiiache ikiwa inasugua airisi. Lenzi ya kipande kimoja cha akriliki, ile yenye mikono minene ya mraba, ikikaa mbele ya kifuko inakwangua airisi kutoka nyuma. Utaona rangi ya airisi imemwagika kwenye konea, presha inapanda na kushuka, uvimbe hauishi, damu kidogo inajitokeza mbele ya jicho kisha inapotea. Huyo ametibiwa uveitisi miezi na matone hayashiki. Dawa yake ni kuitoa lenzi hapo ilipo. Na kwa sababu hiyohiyo lenzi ya aina hiyo haifungwi kwenye sklera (ukuta mweupe wa jicho) kwa sindano. Haikuumbwa kukaa hapo.

Mizani_ya_Jicho
Niingie kwenye vipimo kabla hamjafika thieta, maana huku ndiko mgonjwa anapoharibiwa bila kelele.

Mashine ya ultrasauti inayopima urefu wa jicho ibadilishie mpangilio. Jicho ambalo lenzi yake imeanguka nyuma ni jicho lisilo na lenzi katika njia ya mawimbi: kasi ni mita 1,532 kwa sekunde. Ukiacha 1,550 ya jicho lenye lenzi ya asili, jicho la milimita 23.5 litasomeka refu zaidi kwa karibu milimita 0.27, na kosa hilo ni kama dayopta 0.7 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) kwenye miwani. Jicho lenye mafuta ya silikoni ni balaa zaidi, kasi inashuka hadi karibu mita 980. Hapo tumia mashine inayopima kwa mwanga.

Lakini kikokotoo bora ni karatasi za zamani. Ukijua nguvu ya lenzi iliyoko na miwani aliyotumia kipindi lenzi ilipokuwa mahali pake, una jibu ambalo fomyula haina. Ikiwa lenzi ya +21 ilimwacha na −0.50 miaka minane, jicho lenyewe limekwisha jibu mtihani. Ndiyo maana ile kadi ya lenzi isitupwe. Asiye na kadi, piga simu kituo kilichomfanyia. Rejista za thieta huwa na stika iliyobandikwa.

Halafu mahali pa lenzi mpya. Ikikaa mbele ya kifuko, punguza: lenzi ya +17.5 hadi +28 ondoa dayopta 1, ya +9.5 hadi +17 ondoa nusu, ya +28.5 hadi +30 ondoa 1.5, iliyo chini ya +9 usiguse. Ya chumba cha mbele (nafasi kati ya konea na airisi) ina konstanti yake ya hesabu, na kwa kawaida inatoka dayopta 3 hivi chini ya ile ya kifukoni. Lenzi iliyofungwa kwenye sklera milimita 2 nyuma ya ukingo wa konea hukaa karibu na kina cha kifuko, kwa hiyo wengi hutumia hesabu ya kifuko na kulenga −0.50, ili ikikaa nyuma kidogo mgonjwa asiishie kwenye plasi.

Hesabu pia seli za ndani za konea. Mtu mzima ana 2,000 hadi 3,000 kwa milimita ya mraba. Ukikuta 800, mwambie mgonjwa kabla, siyo baada, kwamba konea inaweza kuchoka. OCT (picha ya tabaka za retina) ya makula, kitovu cha kuona, nayo, la sivyo uvimbe wa zamani utasemwa umeletwa na wewe.

SistaThieta
Daktari @RetinaKibanda, tusaidie na meza. Nikisikia "kubadilisha lenzi" nafungua nini? Kuna siku tunafungua seti nzima na haitumiki, na kuna siku tunatumwa stoo mgonjwa akiwa tayari amechomwa ganzi.

RetinaKibanda
Sista, swali hilo lingeulizwa kila asubuhi tungemaliza mapema. Uliza mambo mawili kabla hujafungua chochote: lenzi inayotoka ni ngumu au inakunjika, na inayoingia itashikwa na nini. Majibu hayo mawili ndiyo meza yako.

Kwa vyovyote vile: pakiti ya vitrektomi ya geji 23 au 25 yenye troka (vimirija vya kupitishia vifaa) tatu, triamsinoloni ya kupaka rangi ute, visko, yaani jeli, za aina mbili (nzito ya kulinda konea na nyepesi ya kufungua nafasi), foseps za ndani za geji 25 pea mbili, mkasi wa kukata lenzi, nailoni 10-0, na kifaa cha kuchomea cha betri chenye moto mdogo. Perfluorokaboni (kimiminika kizito) mililita 5 iwe karibu bila kufunguliwa. Lenzi mpya ya akiba ya aina nyingine nayo iwe ndani ya chumba, kwa sababu mpango wa kwanza huvunjika.

Sasa kutoa. Povidoni ayodini 5% dakika tatu kamili, ganzi ya nyuma ya jicho au chini ya Tenoni (utando unaofunika jicho), troka zikae milimita 3.5 nyuma ya ukingo wa konea. Kabla hujafungua maji, hakikisha kwa macho yako kwamba ncha ya bomba imo ndani ya ute na haijafunikwa. Maji yakiingia chini ya koroidi (tabaka la mishipa ya damu nyuma ya retina) umeharibu siku.

Lenzi iliyolala chini usiifuate moja kwa moja. Safisha ute wa katikati, paka triamsinoloni, bandua ute kwenye retina ya nyuma, kisha zungushia lenzi nyuzi 360 mpaka hakuna uzi wa ute ulioishika. Ukiivuta lenzi iliyofungwa na ute unavuta retina pamoja nayo, na mpasuko unautengeneza wewe. Ikishakuwa huru, shika mkono wa lenzi kwa foseps, inua polepole hadi nyuma ya airisi, kisha pokea kwa foseps ya pili inayoingia kwa mbele. Kupokezana huko ndipo lenzi huanguka tena. Ukiogopa, weka perfluorokaboni mililita 1 hadi 2: ni nzito kuliko lenzi, kwa hiyo lenzi inaelea juu yake na makula inalindwa. Lazima yote itoke mwishoni. Tone moja likibaki chini ya makula ni kilio cha miaka. Binafsi naitumia kwa lenzi ngumu, na kwa jicho ambalo retina tayari imebanduka. Kwa nyingine foseps zinatosha.

Ikifika mbele ya airisi, jaza visko juu na chini yake. Ya akriliki inakatwa: mkasi upite katikati ya kioo hadi karibu na ukingo wa pili lakini usiumalize, kisha zungusha vipande hivyo viwili vilivyobaki vimeungana vitoke kimoja kikifuata kingine kwenye mkato wa milimita 2.75 hadi 3. Ukimaliza kukata kabisa una vipande viwili vyenye ncha kali vinavyotembea ndani. Na ncha ya mkasi uione muda wote, konea iko juu yake tu.

CO_Machakos
Na zile za PMMA, plastiki ngumu? Kambi zetu za SICS miaka mingi zimetumia lenzi ngumu yenye kioo cha milimita 6. Ndizo nyingi zitakazorudi.

RetinaKibanda
Hizo hazikatwi wala hazikunjwi. Unatengeneza handaki la sklera la milimita 6.5, lianzie milimita 2 nyuma ya ukingo. Usilifungue lile la zamani kama limepona vizuri, kingo zake huwa nyembamba na haziunganiki tena sawasawa. Tengeneza jipya pembeni. Kabla ya kufungua, shusha presha ya maji. Mkato mpana, jicho laini, mzee mwenye presha ya damu: hapo ndipo damu ya koroidi hutokea, na ukiiona airisi inasukumwa nje ghafla na jicho linakuwa gumu, funga kila tundu papo hapo, mengine yasubiri. Presha ya damu 190/110 asubuhi ya upasuaji ni sababu ya kuahirisha, hata kama mgonjwa ametoka mbali, Lodwar.

Kwa kuwa mkato mpana umeshalazimika, hapo pia unaweza kuweka lenzi ngumu bila kuhesabu hasara. Watu hufanya kazi ngumu ya sindano baada ya mkato wa 6.5 kana kwamba wanapewa tuzo.

KonaYaKonea
Hapo umenigusa @RetinaKibanda. Nimesoma uzi wote nikingoja mtu aitaje lenzi ya chumba cha mbele bila kuitukana. Zile za miaka ya 1980 zenye vitanzi vilivyofungwa ziliua konea nyingi, ni kweli. Za sasa zina mikono iliyo wazi na ni kitu kingine. Mapitio ya Akademi ya Marekani ya madaktari wa macho ya 2003, na tena 2020, hayakupata ushahidi kwamba njia moja inazipita nyingine zote. Mzee wa miaka 80, chumba kina kina, pembe ya kutolea maji ya jicho ni safi, seli 2,000: dakika kumi na umemaliza.

Ila masharti yafuatwe. Pima konea nyeupe hadi nyeupe kwa mlalo, ongeza milimita 1, hiyo ndiyo saizi. Ndogo inazunguka kama propela na kukwangua konea. Kubwa inabana pembe, mboni inakuwa ya mviringo wa yai, jicho linauma likiguswa. Toboa airisi pembezoni kabla ya kufunga, la sivyo mboni inazibwa na presha inapanda usiku huohuo. Baada ya kuiweka angalia kila mguu haujabana airisi. Usiiweke kwa kijana, kwa mwenye presha ya macho ambaye pembe yake imeharibika, wala kwa konea yenye seli chache.

Katikati ya hiyo na ile ya kufungwa kwenye sklera kuna lenzi ya kubana airisi. Kioo na makucha yake ni PMMA, urefu milimita 8.5, mkato unaohitajika ni wa milimita 5.5 hivi. Naipenda ikiwekwa nyuma ya mboni, imegeuzwa kifudifudi: inakuwa mbali na konea. Unaishika kwa mkono mmoja na kusukuma mkunjo wa airisi ndani ya kucha kwa mwingine, saa tatu kisha saa tisa. Airisi ikibanwa kidogo mno kucha itaachia miezi baadaye. Ikibanwa nyingi mboni inakuwa ya mraba. Na inahitaji airisi nzima. Iliyochanika kwa ajali haina cha kubanwa.

RetinaKibanda
Sina ugomvi na mzee wa miaka 80. Ugomvi wangu ni kijana wa miaka 30 aliyepigwa ngumi, akawekewa ya mbele kwa sababu ndiyo ilikuwa stoo.

Mizani_ya_Jicho
Mmoja aeleze Yamane, njia ya kufunga lenzi kwenye sklera kwa sindano bila uzi, kwa hatua basi. Kila mtu ameona video, wachache wanasema kwa nini mikono inavunjika.

RetinaKibanda
Haya. Ni njia ya Yamane wa Japani, maelezo yake kamili ya mikono yenye kichwa yalichapishwa 2017. Lenzi ni ya vipande vitatu tu, na mikono iwe ya PVDF, plastiki inayokunjika bila kukatika upesi. Ya PMMA ikikunjwa kwenye sindano inakatika au inabaki na kona.

Sindano ni geji 30 yenye ukuta mwembamba. Hapa ndipo wengi wanafeli wakilaumu mikono yao. Mkono wa lenzi una unene wa karibu milimita 0.15, na geji 30 ya kawaida tundu lake la ndani halitoshi. Fundi anahamia geji 27, mkono unaingia kama siagi, lakini sindano hiyo inaacha tundu la milimita 0.4 kwenye sklera na kichwa cha mkono ni milimita 0.3. Kesho lenzi iko chini tena. Jaribu mkono wa lenzi kwenye sindano nje ya jicho kabla ya kuanza. Haichukui dakika.

Weka alama mbili nyuzi 180 kamili, kwa kifaa cha kupimia lenzi ya toriki, siyo kwa jicho. Usizilenge saa tatu na saa tisa sawasawa, kuna mishipa na neva ndefu za siliari hapo. Sogea kidogo, saa mbili na saa nane. Pima milimita 2 nyuma ya ukingo kwa kila upande. Maji yawe yamefunguliwa ili jicho liwe gumu, jicho laini linakunja njia ya sindano. Lenzi iingie chumba cha mbele, mkono wa pili ubaki nje ya mkato ili isianguke. Sindano ya kwanza ipite konjuktiva (utando wa juu wa jicho) na sklera kwa mlazo wa nyuzi 20, handaki la milimita 2, itokee nyuma ya airisi. Ingiza mkono wa kwanza ndani ya tundu kwa foseps ya geji 25, uiache sindano hapo. Fanya hivyo na ya pili. Sasa vuta zote mbili kwa pamoja. Ukivuta moja kwanza, nyingine inachomoka.

Mikono ikishatoka, shika ncha, sogeza kifaa cha moto karibu bila kuigusa. Ncha itang'aa, itajikunja kidogo, itavimba kuwa kitufe. Sehemu ya kuyeyusha ni nusu milimita hadi milimita moja kila upande. Sukuma kitufe mpaka kizame ndani ya sklera, siyo kibaki chini ya konjuktiva tu. Kinachobaki juu kitatoboa konjuktiva, na njia hiyo ni mlango wa vijidudu hadi ndani ya jicho.

Lenzi ikikaa mshazari, sababu huwa moja kati ya hizi: umbali wa upande mmoja 2 na mwingine 2.5, mlazo wa sindano haukufanana, au alama hazikuwa nyuzi 180. Kuyeyusha zaidi upande mmoja husogeza lenzi pembeni lakini hakuondoi mlalo mbaya. Chomoa, choma upya.

SistaThieta
Na uzi? Tuna prolini (uzi wa plastiki) 10-0 nyingi stoo.

KonaYaKonea
Sista, 10-0 kwa kufungia lenzi kwenye sklera iacheni. Huoza ndani ya jicho na kukatika baada ya miaka kadhaa, lenzi inaanguka mara ya pili kwa mtu ambaye alishapona. Kwa kushonea lenzi kwenye airisi bado inatumika. Kwa sklera tumieni 9-0 au nene zaidi.

Uzi wa Gore-Tex wa CV-8 ni imara kuliko zote, ingawa mtengenezaji hakuiandikisha kwa matumizi ya jicho, na mgonjwa aambiwe hivyo kwenye fomu ya ridhaa. Lenzi iwe na matundu manne. Matundu ya sklera mawili kila upande, milimita 3 nyuma ya ukingo, yaachane milimita 4 hadi 5. Uzi upitishwe matunduni nje ya jicho kabla lenzi haijaingia, na uangalie haujajisokota. Fundo lisikazwe kama la gunia, usawa wa lenzi ndio unaotafutwa. Kisha lizungushwe liingie ndani ya tundu la sklera, na konjuktiva ifunike vizuri.

Onyo moja kubwa: lenzi ya akriliki inayopenda maji, kama Akreos, inaweza kupata ukungu wa kalsiamu ikikutana na hewa au gesi ndani ya jicho. Kama mgonjwa ana retina itakayohitaji gesi, au konea itakayopandikizwa kwa kiputo cha hewa baadaye, chagua nyingine. Ukungu huo hausafishiki, ni kuitoa lenzi tena.

CO_Machakos
Kwa hiyo iliyoanguka yenyewe haiwezi kurudishwa tukaepuka haya yote?

RetinaKibanda
Inaweza, na mara nyingi ndilo jambo la kwanza la kufikiria. Ya vipande vitatu iliyo nzima: mikono yake ileile inatolewa kwa sindano. Iliyoondoka na kifuko chake: uzi wa 9-0 unapitishwa chini na juu ya mkono wa lenzi, kupitia kifuko, na kufungwa kwenye sklera. Kifuko kilichokakamaa kinasaidia uzi usichomoke. Jaribio la Oslo lililochapishwa 2017 lililinganisha kurudisha kwa mshono na kubadilisha kwa lenzi ya kubana airisi, na uwezo wa kuona haukutofautiana sana miezi sita baadaye. Badilisha kama mkono umekatika, kioo kina ukungu, nguvu ilikuwa ya makosa tangu mwanzo, au ni ile ya kipande kimoja inayosugua. Ukikuta kifuko kimejaa mabaki ya mtoto wa jicho ya duara, usikirudishe hivyo hivyo. Uzito huo ndio ulioshusha vikano.

MwanaOptika
Baada ya upasuaji wanakuja kwetu mapema mno wakitaka miwani.

KonaYaKonea
Mkato mdogo: wiki sita. Mkato wa 6.5 wenye nailoni: toa nyuzi zinazobana kati ya wiki ya sita na ya nane kufuata ramani ya konea, ngoja wiki mbili, ndipo upime. Miwani ya kabla ya hapo ni hela imetupwa.

Matone ya steroidi kila saa mbili wiki ya kwanza, yapunguzwe polepole hadi wiki ya sita, antibayotiki wiki moja hadi mbili. Ukiona alikuwa 6/12 wiki ya pili kisha 6/36 wiki ya sita na jicho ni jeupe, usibadilishe miwani: peleka OCT, makula imevimba. Presha pimeni kila ziara. Ya chini sana siku za mwanzo, chini ya 6, huwa ni tundu linalovuja. Ya juu huwa ni visko iliyobaki au steroidi.

RetinaKibanda
Na gesi inayoingizwa jichoni kushikilia retina, kwa wale waliochanika retina. Hili la nchi yetu hasa. Nairobi iko karibu mita 1,700. Barabara ya Eldoret inapanda Limuru, halafu Timboroa ni zaidi ya mita 2,600. Kiputo cha gesi kinapanuka mgonjwa akipanda mlima kama kwenye ndege, presha ya jicho inaruka, na matatu haisimami mpaka Burnt Forest. Hewa ya kawaida inaisha kwa wiki moja hivi, gesi ya SF6 wiki mbili, ya C3F8 wiki sita hadi nane. Mgonjwa wa kule abaki Nairobi kwa jamaa mpaka kiputo kiishe. Wa Mombasa kushuka si hatari hivyo, tatizo lake ni kurudi kliniki. Avae bangili ya mkononi inayosema ana gesi, na akihitaji upasuaji mwingine nitrasi oksidi isitumike.

MwanaOptika
Kuna wanaosema lenzi imeangushwa na mashimo ya barabara.

RetinaKibanda
Lenzi iliyoshikwa vizuri haiangushwi na matatu ya Rongai. Kusugua macho kwa nguvu kila siku, hilo ndilo la kuuliza, hasa wenye mzio.

SistaThieta
La mwisho kutoka kwangu: idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ombi linalosema "lenzi" tu linachanganywa na mtoto wa jicho wa kawaida. Tunaandikaje?

CO_Machakos
Andika kila kitu kinachofanywa na jicho gani: vitrektomi, kutoa lenzi iliyohama, kuweka lenzi mpya kwa kufunga kwenye sklera. Ambatisha ripoti ya slit lampu inayosema lenzi ilipo, na OCT. Lenzi yenyewe iandikwe kwa aina na nguvu, na ya akiba pia, ili stoo ianze kuitafuta siku hiyohiyo.